Vidole Begani mwa Bosi

9 Mei

Wifi yangu Mama Bosi,

Salamu kwanza, ingawa najua ukifungua barua zangu unaruka salamu unatafuta habari za mwanao. Hatujambo sote. Kaka hajambo, mabomba ya watu yanapasuka kila siku na yeye anakimbizana nayo. Mimi mgongo tu na hii cherehani. Haya, ruka sasa.

Bosi ametimiza miaka miwili, na ameitimiza kwa fujo. Nilimshonea gauni la njano lenye mifuko mbele kama ulivyoagiza, akalikataa katakata. Alitaka shati la baba yake. Tulibishana asubuhi nzima, mimi mtu mzima na yule kiumbe asiyefika hata kwenye meza yangu, na mwisho akatoka na shati, gauni juu yake, na kiatu kimoja. Cha pili alikificha mwenyewe akasahau alikokificha. Hatujakiona mpaka leo.

Keki aliioka jirani yetu wa mkabala. Tukamwambia Bosi apulize mshumaa, akautemea mate. Ukazimika! Watu wakapiga makofi, basi naye akaona kumbe ndiyo kazi iliyomleta duniani, akaitemea mate keki yote iliyobaki. Tuliila hivyohivyo, tungefanyaje? Kipande chake akakitia kwenye droo ya cherehani. Sasa nikishona, uzi unatoka na krimu.

Maneno anayoyajua kwa sasa ni "changu", "sitaki" na "toka". Ukimuuliza mama yuko wapi, anasema "loli". Ndiyo, alikuona ukipanda lile lori la kambi yenu ya bwawa, na halijamtoka kichwani. Lori lolote likipita barabarani anakimbilia mlangoni. Sikwambii ili ulie. Nakwambia ili ujue kwamba hajakusahau.

Nimekuwekea picha. Upande mmoja mwanga uliingia vibaya, nikaupunguza kwa mkasi usikuharibie. Wageni hawakuwa wengi, ni majirani tu wa hapahapa. Kaka anakusalimu. Anasema ataandika mwenyewe, lakini wewe unamjua yeye na kalamu.

Wifi yako,
Fundi


16 Mei

Wifi,

Leo salamu sina.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, wali unaungua nyuma yangu, nikacheka mpaka machozi. Picha nikaibandika ukutani juu ya magunia ya unga. Wapishi wenzangu wakaja kumwona Bosi, mafundi wa bwawa wakaja kumwona Bosi, kila anayekuja kuchukua sahani nilimwonyesha mwanangu na shati lake. Nilijisikia mtu. Halafu jioni, watu wamekwisha kula, nikaisogelea peke yangu, nikaitazama vizuri.

Kwenye bega la kushoto la mwanangu pana vidole vya mtu. Kimoja ni kifupi.

Mwanga ukiingia vibaya kwenye picha hauoti vidole, wifi. Usinifanye mtoto wa jana. Ulimkata mtu. Na umeshindwa hata kumkata, kwa sababu hujawahi maishani mwako kupitisha mkasi juu ya mstari. Lazima uache nafasi ya mshono! Ungekuwa unauza nyama ungekata mpaka mwisho, na mimi ningebaki mjinga wako. Lakini wewe ni fundi, mkono umezoea, ukaniachia upana wa kidole, na kwenye huo upana baba yangu mzazi amekaa.

Kidole kile nakijua. Msumeno ulikikata nikiwa shule ya msingi, na ni mimi niliyemfunga kitambaa, maana mama alikuwa keshafariki na nyumbani tulikuwa wawili tu. Na ni kidole hichohicho alichoninyooshea mlangoni siku alipojua nina mimba. Alisema hana mtoto na hana mjukuu. Akarusha begi langu uani, mvua inanyesha. Nani anayajua haya kuliko wewe? Si wewe uliyenifungulia mlango wa kwenu? Hata kaka yako alikuwa bado kazini, hajui lolote. Wewe ndiye uliyenivua viatu vilivyolowa, ukanipa upande wako wa kitanda.

Kabla sijapanda lori nilikuomba jambo moja tu. Sikukuomba umlishe vizuri, maana najua utamlisha. Nilisema yule mtu asimguse mwanangu. Ukaapa, "Akimgusa, mimi nife." Naona uko hai.

Nataka kujua amefikaje kwenye sherehe ya mtoto aliyesema si wake. Na usinizunguke.

Mama Bosi


23 Mei

Mama Bosi,

Umemaliza? Haya, sasa unisikilize na mimi, maana hasira si zako peke yako.

Kweli nilimkata. Nilimkata kwa sababu nilijua ukimwona huko, mbali na mtu wa kukushika mkono, utapata wazimu. Na umeupata. Kwa hiyo sikukosea sana.

Lori lako halikuwa limeenda muda mrefu alipoingia dukani kwangu. Nilimtambua akiwa bado mlangoni, nikashika mkasi, nisikufiche. Alikuwa na kigauni cha mtoto, cha zamani, rangi imechuja, akakitandaza mezani akasema, "Fundi, kifungue kidogo mbavuni, binti yangu amekua." Nikamwambia mzee, hapa huna binti, toka. Nilitamka hivyo kwa mdomo wangu. Lakini Bosi alikuwa chini ya meza amejifunika vitambaa kama kawaida yake. Akatoa kichwa. Mzee akainama akacheka, akamwambia, "Chiriku! Kumbe umejificha hapo?"

Wifi, baba yako hayuko sawa. Akili inamwacha. Mbao yoyote ukimwonyesha atakutajia jina lake na namna ya kuipiga randa, lakini mwaka haujui, na hajui kama amekula. Anamuulizia mama yako kila anapoingia. Anadhani Bosi ni wewe, wewe wa miaka miwili. Nilimwambia usoni, "Mzee, Chiriku si ulimfukuza?" Alinitazama kama niliyemvua nguo sokoni. "Mimi? Nimfukuze Chiriku? Kwa lipi?"

Hakumbuki. Hajifanyi, nimemjaribu kila namna.

Sasa niambie wewe, mwenye hasira, uliyekaa huko na masufuria yako: ningefanya nini? Mimi ndiye ninayefungua mlango huu kila asubuhi. Mimi ndiye ninayemwosha mwanao, ninayemkimbiza na kijiko, ninayelala naye akinipiga mateke ya mbavu. Mzee akija anakaa kwenye kigoda, Bosi anampangia vifungo kwenye magoti, na mimi napata nafasi ya kumaliza nguo ya mtu. Ndiyo, alikuwa ananifaa. Nitukane. Kaka anajua, alisema tukuambie ukirudi, kwa hiyo mtukane na yeye.

Siku ya sherehe alikuja mwenyewe, hakuitwa. Tukapiga picha, akala keki, akaenda zake. Hakuna kingine.

Fundi


30 Mei

Wifi,

Amesahau! Hongera zake. Nani kampa ruhusa ya kusahau?

Mimi nakumbuka. Nakumbuka begi lilivyofunguka likiwa hewani na nguo zangu za ndani zikaanguka kwenye matope, majirani wanaangalia. Nakumbuka aliingia ndani akafunga mlango kwa komeo, lile komeo alilotengeneza mwenyewe, nikalisikia likiingia. Nimeyabeba haya yote na mtoto tumboni. Kumbe mwenzangu alikuwa ameshayatua, yuko kwenye kigoda chako anapangiwa vifungo!

Nikwambie jambo usilolijua. Nilikuwa nasubiri aje kuniomba msamaha. Kila siku nikikoroga sufuria huku nilikuwa naupanga ule mkutano: atakavyosimama, atakavyoshika kofia. Na nilishaamua kwamba nitamkatalia. Nilikuwa na maneno yangu tayari, mazuri, makali, ungenipigia makofi. Sasa niende nimkatalie nani? Hata hicho ameninyang'anya.

Na mwanangu si Chiriku, mwambie. Chiriku ni mimi. Alinitupa mimi akabaki na jina langu, sasa amelivisha mtoto wangu na amepata binti mpya kabisa, ambaye hajamkosea na hajawahi kumletea aibu. Huyo anampenda! Mimi je? Nilikuwa chiriku wake miaka yote ile mpaka nilipomhitaji.

Sitaki aje tena dukani. Sitaki asogee karibu na Bosi. Na mwambie kaka yako ya kwamba "tutamwambia akirudi" nimeisikia, na nikirudi yeye ndiye wa kwanza. Anaziba matundu ya mabomba ya watu huko nje, lakini ndani ya nyumba yake mdomo ndio alioujua kuziba.

Ninyi wawili mliona mimi sistahili kujua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko huyo mzee.

Mama Bosi


6 Juni

Mama Bosi,

Nimefanya ulivyotaka.

Nilimwambia asije. Akauliza kwa nini, nikamwambia ndivyo mama wa mtoto alivyosema. Akavaa kofia akaenda, mgongo umeinama. Kesho yake akarudi na uso wake uleule wa furaha, "Chiriku yuko wapi?" kwa sababu amesahau kwamba nilimfukuza. Nikamfukuza tena. Akarudi. Tangu nipate barua yako kazi yangu ni hiyo, kila siku namfukuza, na kila siku kwake ni mara ya kwanza. Uso unamwanguka upya. Mimi ndiye ninayeutazama, si wewe.

Na mwanao anapiga ngumi mlango kwa ndani akipiga kelele, "Babu changu!" Hilo nalo nikufiche?

Jana nilimwambia Chiriku amesafiri, hayupo hapa. Nilifikiri nimeipata dawa. Akasema basi nipe karatasi nimwandikie. Akakaa kwenye ngazi ya duka akaandika mwenyewe, kwa penseli yake ya mbao, akainuka akasahau, akakaa akaendelea. Sikuisoma. Nimeikunja kama alivyonipa. Kama ni matusi ni yenu, kama ni baraka ni zenu. Mimi nimechoka.

Fundi


(Tarehe nitaijaza nikiipata)

Kwa binti yangu Chiriku,

Fundi cherehani ananiambia umesafiri. Hukuniaga. Mtoto anatokaje nyumbani bila kumwambia baba yake? Nimekasirika, na ukirudi tutazungumza mimi na wewe. Unakula? Una nguo ya baridi? Mama yako naye simwoni, labda mko pamoja. Kama mko pamoja, mwambie chai yangu nainywa bila sukari kwa sababu sijui alikoiweka.

Kuna jambo jingine, na hili limenikosesha raha. Watu wanasema nilikufukuza. Yule mwanamke wa cherehani alinitamkia usoni, mimi na mvi zangu. Mimi! Nani aliyekuwa anakusuka nywele kabla ya shule, mistari ikipinda mpaka mwalimu akauliza umesukwa na nani? Nani aliyekuwa anakubeba begani akienda kununua mbao? Nimfukuze mtoto wangu, nibaki na nani? Nilimjibu vizuri tu yule mwanamke, lakini moyoni nilitaka kuivunja ile meza yake, ambayo miguu yake wala haikuungwa sawasawa.

Na siku ile ya keki wamenikosea adabu. Nilikubeba nikurudishe nyumbani, maana giza lilikuwa linaingia na kwa watu si kwako. Hukulia hata kidogo. Nilikulaza kwenye maranda pale karakana, nikawasha mashine ya kupasulia nikutengenezee kiti chako. Ukaamka ukaja kusimama karibu yangu, unapenda vumbi likiruka. Ghafla akaingia yule kijana wa mabomba na watu wengine, wanapiga kelele, wanalia, yule mwanamke anajipiga kichwa. Wakakunyakua kama mimi ni mwizi. Wakazima mashine yangu bila kuniuliza. Kijana alinishika shati. Sijawahi kudhalilishwa hivyo katika karakana yangu mwenyewe.

Basi nisikilize, mwanangu. Kama ni kweli yupo mtu aliyekufukuza, niandikie jina lake. Usimwogope. Nitamfuata kwake, na mimi bado nina nguvu za mkono. Mtu anayemtoa binti wa mwenzake nje hana utu, na atanieleza.

Baba yako,
Seremala


13 Juni

Wifi,

"Akala keki, akaenda zake. Hakuna kingine."

Nimeandika maneno yako hapo juu ili uyaone yalivyo. Aliondoka na mwanangu! Giza linaingia, mtu asiyejua mwaka ni gani, na mashine imewashwa, na Bosi amesimama pembeni anafurahia vumbi. Yule Bosi ambaye hajaona kitu kinachozunguka akaacha kukitia mkono! Kidole cha mtu mzima, fundi wa miaka mingi, ule msumeno haukukiogopa. Na wewe ulikaa ukaniandikia kuhusu krimu kwenye droo.

Nilikuwa nakata vitunguu niliposoma. Nimekaa chini kwenye sakafu na kisu mkononi, msaidizi akadhani nimejikata. Halafu nikafika pale mwisho, anaponiambia nimwandikie jina la aliyenifukuza ili akamkabili. Nikacheka, wifi. Nilicheka kicheko kibaya, wakaniletea maji. Maisha yangu yote nilitaka baba yangu asimame mbele ya mtu kwa ajili yangu, na sasa amesimama, ana nguvu za mkono, yuko tayari. Na hana wa kumkabili isipokuwa yeye.

Nilichukua karatasi nikamjibu kwa maneno mawili: "Ni wewe." Nikaikunja. Nikaifungua nikaichana. Angeisomea kwenye ngazi za duka lako, angeumia, angesahau, na mimi nisingekuwepo. Nimepewa maumivu yangu nikiwa nimesimama mbele yake, ananiona. Yake nayo hayatakuja na dereva wa lori.

Kwa hiyo nakuja. Nimeomba ruhusa, mkuu wa jiko akasema haiwezekani, mafundi watakula nini. Nimemwachia mwiko mkononi, nimemwambia awaulize wenyewe. Lori hili linalokuletea barua nilikosa nafasi, limejaa mitungi. Linalofuata nitapanda hata juu ya mitungi.

Mimi na wewe tutagombana nikifika, jiandae. Nitapiga kelele mpaka jirani wa mkabala atoke. Wewe ndiye dada niliyempata nilipokuwa sina mtu, na ukanidanganya kuhusu mwanangu. Hiyo haiishi kwa chai. Lakini najua ulimkimbilia na kujipiga kichwa, baba kaandika, na hilo nalo nimelisoma.

Kwa sasa fanya haya. Bosi asikae na yule mzee bila mtu mzima, hata unapovuta uzi. Kaka yako aende karakana akate waya wa ile mashine. Asinielezee habari za heshima ya mzee, aukate.

Na usimfukuze tena. Usidhani nimelainika. Kila siku unapomtoa mlangoni kwa jina langu unanifanya mimi kuwa yeye, na mimi si yeye. Kama ni kumfukuza, nitamfukuza mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikimtazama. Mwache akae kwenye kigoda.

Usimwambie kwamba nakuja, wala usimpangie la kusema. Nataka kuingia pale dukani nikiwa na nywele hizi na umri huu, aulize mimi ni nani, na mimi nimwambie. Nitamwambia yote, begi, mvua, komeo, yote. Nitamtajia lile jina aliloniomba. Najua atasahau, pengine kabla hata sijamaliza kunywa maji. Hainihusu. Lakini kabla hajasahau atakuwa anajua, wifi, atanitazama akiwa anajua, na muda huo hata ukiwa mfupi ni wangu, nimeusubiri tangu nikiwa na mimba, na yeyote atakayeniambia nimwonee huruma nitamtoa nje.

Mama Bosi